Mlango Nambari Elfu Tano

Mama anabadilisha mabati ya nyumba yetu ya Dunga, kando ya ziwa, na mimi nilipewa kazi ya kutoa vitu katika chumba cha nyuma kabla mafundi hawajaanza kugonga nyundo. Chini ya nyavu kuukuu na gunia la makopo nilikuta kompyuta yetu ya kijivu, ile yenye kioo kinene mgongoni kama nundu. Nilidhani iliuzwa zamani. Niliipangusa, nikaichomeka ukutani, kisha nikasimama kando kama mtu anayewasha stovu asiyoiamini. Haikulipuka. Ilikohoa, feni ikalalamika weee, na baada ya muda ikaanza kutoa harufu ile ya vumbi linalopata moto ndani ya chuma. Si harufu nzuri, sitadanganya. Lakini nilijikuta nimekaa sakafuni naivuta puani, mwanamke mzima mwenye watoto wake, kwa sababu hiyo ndiyo harufu iliyokuwa sebuleni kwetu wakati nilipokuwa nikimngoja Baba.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Hakuwa mvuvi, na mtu akimwita mvuvi alikuwa akijibu kwamba yeye samaki anawajua kwenye sahani tu. Alirudi jioni akinuka petroli na grisi, na badala ya kuingia kama mwenye nyumba, alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, akaifanya sauti yake iwe nzito kama ya mtu tusiyemjua, akaita, "Hodi!" Sisi watoto tulitakiwa kuuliza, "Nani?" Naye akajibu, "Mgeni kutoka mbali." Hiyo mbali yenyewe ilikuwa ufukweni hapo, ambapo ungemwita kwa jina lake ukiwa jikoni na akasikia. Dani, yaani nyanya yetu aliyemzaa, hakuwa na subira na mchezo huo. "Donji, wewe!" alimwambia. "Ingia! Chakula inapoa na wewe uko hapo unauliza hodi kwa nyumba yako."

Siku moja aliitwa kisiwani kuangalia injini iliyokataa kuwaka. Alikwenda na ndugu yake mdogo, Baba Okello. Wakati wa kurudi boti ilipinduka katikati ya ziwa. Baba Okello aliokolewa akiwa ameng'ang'ania mtungi wa petroli. Baba hakuonekana. Watu walimtafuta mpaka kwenye matete na chini ya magugu maji, wakarudi wakiwa wamenyamaza, na mimi nikaambiwa niende nikacheze.

Kwetu, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, hukatwa tunda la mti wa yago. Ni tunda refu na zito, nene kama mkono wa mwanamume mwenye kazi ya nguvu. Hufungwa kwa nguo, likazikwa mahali pake kwa heshima zote. Kila mtu mzima pale nyumbani alilijua jambo hilo, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kunieleza. Mimi nilikuwa nimejipenyeza mbele katikati ya viwiko vya watu. Mchungaji aliomba, akina mama walilia mpaka wakashikwa, na kitambaa kilipofunuka kidogo kwenye pembe nikaliona lile tunda. Nilimtazama Mama. Nilimtazama Dani. Nikaelewa jambo moja tu, na nililielewa kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena maishani: Baba hakuwa mle ndani. Watu hawa wote walikuwa wakizika tunda.

Kichwa changu cha darasa la tatu kilitengeneza hadithi haraka. Niliona kwamba wageni walikuwa wamekuja kutoka mbali na ilikuwa aibu kuwarudisha bila mazishi, kwa hiyo wazee wakatafuta kitu cha kuzika. Baba mwenyewe alikuwa mahali fulani ng'ambo ya maji, labda upande wa Uganda, labda injini imemkatalia, na angekuja akishaitengeneza. Sikumwambia mtu. Niliona wakubwa wamechoka na sikutaka kuwaaibisha. Usiku nililala vizuri, jambo ambalo Mama alilisimulia kwa majirani kama baraka.

Dada yangu Awino ndiye aliyekuwa hoi. Alikuwa akisoma mambo ya kompyuta chuoni Maseno, na baada ya mazishi hakurudi. Mwalimu wake alimruhusu amalizie kazi yake ya muhula akiwa nyumbani, mradi chuo kikifunguliwa aifikishe ikiwa inafanya kazi, la sivyo angerudia mwaka. Kompyuta ya kijivu ilikuwa yake. Baba ndiye aliyeinunua ya mtumba Kondele, akaipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani kama anayemleta mgonjwa. Sasa ilikaa sebuleni juu ya meza ndogo, mkabala na kiti cha Baba. Kiti hicho hakuna aliyekikalia. Ovaroli yake ilikuwa bado inaning'inia mgongoni mwa kiti, na Mama alipofagia alikizunguka.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu mbili za kufanya mashine mbili zizungumze. Awino ana tabia moja ambayo haijamtoka hadi leo: akiwa na wasiwasi, anaeleza. Na aliyekuwa karibu wa kuelezwa ni mimi.

"Akoth, kuja uone," aliniambia, kidole chake kikishuka juu ya kioo. "Hii line inasema socket. Hapa nimejenga tu mlango. Haina namba, haina mtu. Hii ya pili ni bind, naipatia namba. Yetu ni elfu tano. Halafu listen. Sasa niko kwa nyumba, nimetega masikio. Halafu hii hapa, accept."

"Accept inafanya nini?"

"Inasubiri mtu akuje. Program yote inasimama hapo. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mpaka mtu apige hodi."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Bora anajua address na hiyo namba."

"Hata kama yuko mbali?"

"Hata akiwa ng'ambo huko," Awino alisema, bila kuniangalia. "Maji haizuii kitu."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa likaandikwa neno moja alilolichagua yeye, Nasubiri, na chini yake alama ndogo nyeupe ikawa inawaka na kuzima. Awino akashusha pumzi, akaenda kuosha vyombo. Mimi nilibaki nimesimama.  Kumbe sikuwa peke yangu! Dada yangu naye alijua. Wengine wote walikuwa wamezika tunda na kwenda zao, lakini Awino alikuwa amemjengea Baba mlango.

Kuanzia hapo nikaingia zamu. Nilitoka shuleni mbio, nikavua sare, nikakaa mbele ya kioo na kitabu changu cha hesabu mapajani. Nje omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu, harufu yao ikiingia dirishani na kukutana na ile ya vumbi la moto, na hata leo siwezi kuitenganisha moja na nyingine. Alama nyeupe iliwaka, ikazima. Awino akitaka kuizima programu ili abadilishe kitu, nilimkatalia na kulia mpaka akashangaa. "Kwani hii kitu imekulisha nini?" aliuliza. Mama aliwaambia wanunuzi wake wa omena kwamba huyu mdogo naye atakuwa mtu wa kompyuta, hata kula anasahau. Sikuwa nikijifunza kompyuta hata kidogo. Nilikuwa mlangoni.

Awino alizidi kunieleza, na kila alichoeleza kilinipa nguvu. Aliniambia kwamba mashine hazianzi mazungumzo ghafla bin vuu. Kwanza moja inasema niko hapa, nyingine inajibu nimekusikia, na mimi niko, kisha ya kwanza inasema sawa, nimekusikia pia, ndipo maneno yaanze. Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Ni kama Dani tu. Hata kama nyumba inaungua, lazima umsalimie kwanza, akusalimie, umwitikie." Kweli Dani alikuwa hivyo. Mtu angefika akihema na habari zake, naye anamtazama tu mpaka aseme oimore, salamu ya jioni, apokee ya kwake, aulizwe watu wa kwao. Niliona ni utaratibu mzuri. Mtu aliyekaa mbali muda mrefu angestahili kusalimiwa sawasawa.

Halafu mambo yakaharibika. Awino aliazima kompyuta ya pili kwa mwenzake wa Maseno, akaiweka chumbani kwetu nyuma ya pazia, akapitisha waya chini ya pazia hadi sebuleni. Hiyo ya chumbani ndiyo ingebisha hodi, na hii ya sebuleni ingeitikia. Akajaribu. Ikakataa. Akajaribu tena huku na huku, na kila mara mashine ya chumbani iliandika Connection refused. Aliitafsiri mwenyewe kwa hasira: "Eti imekataliwa! Na hii ya huku inasema inasubiri! Inasubiri nini sasa?"

Hata mimi niliona ajabu. Huku mtu yuko nyumbani ametega masikio, na kule anayebisha anaambiwa hakuna mtu. Kwa siku kadhaa Awino alikula amesimama, kitabu kikubwa cha C wazi mbele yake, mpaka alasiri moja akapiga paja lake kwa kishindo.

"Wacha! Ni namba!" alisema. "Akoth, si unajua hii mashine inaandika namba ikianzia nyuma? Ndani ya network wanaanzia mbele. Kuna neno ya kuigeuza, sikuiweka hapa. Kwa hivyo mimi nimesema elfu tano, yeye amefungua thelathini na nne elfu na kitu."

"Kwa hivyo mtu akigonga elfu tano?"

"Anapata hakuna mtu. Anafukuzwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze," alisema kwa furaha, na akaliandika lile neno.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jikoni, nikalia. Dani alinikuta pale akauliza ni nani amenichapa. Ningemwambiaje? Siku zote zile nilizokaa pale, Baba alikuwa akibisha mlango aliojua, elfu tano, na anaambiwa nyumbani kwake hakuna mtu. Na sisi tulikuwa ndani. Tulikuwa tumekaa pale pale, tukisubiri kwenye mlango mwingine ambao hakuna aliyeujua. "Mos, nyathina," Dani aliniambia, pole mwanangu, akanifuta kamasi kwa leso yake, asijue ananipa pole ya nini.

Kesho yake asubuhi Awino alisema anakwenda Maseno kumwona mwalimu wake. Alasiri nilirudi kutoka shuleni. Mama alikuwa bado ufukweni. Dani alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mdomo wazi. Viatu vya Awino havikuwa mlangoni. Niliingia taratibu nisimwamshe Dani, nikakaa mahali pangu. Kioo kilikuwa cheusi na kile kineno chetu kilikuwa juu, Nasubiri.

Kikaandika chini yake: Kuna mtu ameingia.

Nilikaza macho. Halafu, herufi ndogo ndogo, bila nukta wala alama yoyote, likaja neno moja.

hodi

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilivyojisikia, nikashindwa kila mara. Sikushtuka. Nadhani hilo ndilo la ajabu kuliko yote. Nilihisi kama unavyohisi ukisikia miguu unayoijua ikikanyaga kokoto za nje, kwamba sasa tutakula. Nilitafuta herufi kwenye kibodi moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja. Niliandika nani. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa ambacho nilikuwa nimemwona Awino akikibonyeza.

Ilichukua muda kidogo. Kisha:

mgeni kutoka mbali

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Niliandika, ni wewe baba, nikabonyeza.

 Alama nyeupe iliwaka, ikazima. Awino alikuwa ameitengeneza programu yake ili anayesema akishasema angoje mwenzake ajibu kwanza. Mimi sikulijua hilo. Niliandika tena na maneno yakaonekana kwenye kioo, lakini hayakwenda popote. Niliandika, baba tulizika yago tu najua hukuwa ndani. Niliandika, namba ilikuwa mbaya lakini awino ametengeneza. Niliandika, kuja. Nikabonyeza na kubonyeza.

Pazia la chumbani likasogea. Awino alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, viatu vyake vikiwa nyuma yake kando ya kitanda, mkono mmoja mdomoni.

"Akoth," alisema. "Ni mimi."

Sikuelewa. Nilimwambia anyamaze, Baba yuko kwenye laini.

"Ni mimi, Akoth. Sikuenda Maseno, mwalimu amepiga simu akasema niende wiki ijayo. Nilikuwa najaribu program. Nimeandika hodi kwa sababu..." Alitafuta sababu, akakosa. "Sikufikiria. Ukaandika nani, na vidole vikajibu zenyewe. Nilikuwa nimeshazoea kusikia hivyo."

"Wewe unadanganya! Umemkata! Alikuwa anaongea!"

"Sikumkata mtu."

"Baba hakuzikwa," nilimpigia kelele. "Mlizika yago! Niliona! Nyinyi wote mlizika tunda halafu mkasema ni Baba!"

Dani aliamka kule nje, akauliza kuna nini.  Awino alikuja akanishika mabega, akasoma yale maneno yangu yaliyokuwa yamekwama kwenye kioo, kuanzia juu hadi lile kuja la mwisho. Nilimwona akiyasoma. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto, na hapo nikaanza kuogopa, kwa sababu dada mkubwa halii hivyo kwa kitu ambacho si kweli.

Alikaa sakafuni, akanivuta nikae naye. "Hakuna mtu alikuambia?" aliuliza. "Hakuna mtu alikuketisha chini akakuambia?" Nilitikisa kichwa. Basi akaniambia. Aliniambia kwamba Baba Okello alikuwa naye majini, akamshika mkono, na mkono ukamponyoka. Alimwona akienda chini na hakumwona akirudi. Aliniambia kwamba ziwa likikataa kumrudisha mtu, watu wake hawawezi kumwacha hivi hivi bila mahali, kwa hiyo yago inakuwa yeye. "Hatukudanganya wageni. Hiyo ndio kaburi ya Baba. Ukienda pale umeenda kwake."

"Kwa hivyo haji."

"Haji, Akoth."

"Basi hii inasubiri nani?"

Alitazama kioo. "Haimjui mtu," alisema. "Inasubiri yeyote. Mimi ndio nilipaswa kukuambia."

Nililia kilio changu cha mazishi hapo, nikiwa nimechelewa kuliko watu wote. Dani aliingia, akamtazama Awino, akanitazama mimi, akaelewa bila kuambiwa. Alijishusha kwa shida akakaa nasi sakafuni na kuanza kuomboleza kwa sauti ya chini akimwita mwanawe kwa majina yake ya sifa, yale ambayo siku ya mazishi sikuyasikiliza kwa kuwa nilijua hayatuhusu.

Baadaye, tulipokuwa tumebaki na kwikwi tu, Awino aliinuka. Alishika vitufe viwili, programu ikafa, maneno yangu yakabaki juu ya kioo kama vyombo visivyooshwa. Nilimwomba aiwashe tena. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka siku hiyo iishe na mlango umefungwa. Akajaribu kuiwasha, na mashine ikakataa. Iliandika Address already in use.

"Inasema nini?"

"Inasema hiyo namba bado inatumika."

"Na nani? Si umeifunga?"

Awino alirudi akakaa karibu yangu. Alieleza polepole safari hii, bila wasiwasi, kama mtu anayejiambia mwenyewe. "Nimeifunga. Lakini watu wakiwa wameongea, halafu mlango ufungwe, mashine haipeani hiyo namba saa hiyo hiyo. Inaishikilia kidogo. Inasema, pengine kuna maneno bado iko njiani. Ikifika ikute mtu mwingine ameketi hapo, itakuwa vibaya. Kwa hivyo inangoja. Ikiona hakuna kitu inakuja tena, inaachilia."

"Inangoja mpaka lini?"

"Si sana. Ngoja tu."

Mama alitukuta hivyo, sote watatu sakafuni tukiitazama kompyuta. Alitua beseni lake la omena mlangoni. "Nini mbaya?" aliuliza. "Kuna nini hapa?"

"Akoth alikuwa anamngoja Baba," Awino alisema. "Alikuwa hajaambiwa."

Mama alisimama. Macho yake yalinitafuta, na nikaona kwamba anazikumbuka zile siku zote nilizolala vizuri.  Alipita katikati yetu, akaenda kwenye kiti cha Baba, akaishika ile ovaroli kana kwamba anataka kuitoa, akaiacha. Kisha akakaa. Alikaa juu ya kile kiti, mgongo wake umeegemea ile nguo yenye petroli, akanipakata na mikono yake yenye magamba ya samaki.

"Na sasa mnangoja nini?" aliuliza.

"Namba iachiliwe," nilimjibu.

"Haya," alisema Mama. "Tungoje."

Tulingoja. Awino alijaribu, ikakataa. Tukangoja tena. Alipojaribu mara nyingine kioo kikanyamaza, halafu kikaandika Nasubiri, na Mama akanishusha chini, akaenda kupika.

Awino alifikisha kazi yake chuoni na hakurudia mwaka. Kwa wiki zilizobaki kabla ya chuo kufunguliwa ilikuwa hivyo hivyo kila alipoifunga baada ya mazungumzo: mashine inaikatalia namba, na sisi tunakaa, bila kuzungumza sana, mpaka iachilie. Sikukaa tena zamu. Siku nyingine nilienda kaburini na kitabu changu cha hesabu. Lakini ule mchezo wa mlangoni ulikufa. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepiga tena hodi kwa sauti nzito.

Sasa naandika programu za aina hiyo, ndiyo riziki yangu. Na kitu kimoja ambacho kila anayeanza kazi hii anafundishwa mapema ni kwamba kuna mstari mmoja mfupi unaouweka kabla ya bind, unaoiambia mashine isishikilie namba, iitoe mara moja. Hata vitabu vya zamani vinao. Ukiuweka, hungoji. Nimeuandika mara nyingi hadi siuoni tena. Kwa hiyo nilipokaa sakafuni katika chumba cha nyuma, kompyuta ikipumua vumbi lake, nikafungua programu ya Awino na kuisoma, sikuwa nikitafuta kitu. Nilisoma tu, socket, kisha bind, na nikarudi nyuma nikaangalia kati ya hayo mawili. Ule mstari haukuwapo.

Nilimpigia simu. Siku hizi anafundisha Eldoret, na ilibidi kwanza tusalimiane, niulize watoto, aulize mabati, maana sote wawili tumekuwa Dani. Halafu nikamwuliza kama wakati ule alikuwa hajui.

"Kujua nini?"

"Ile line ya kutumia address tena. Ya kuondoa kungoja."

"Nilijua," alisema. "Ilikuwa kwa kile kitabu, page ile ile ya bind. Mwalimu hata aliniuliza mbona sikuiweka."

"Na mbona hukuiweka?"

 Nyuma yake nilisikia sufuria na watoto.

"Ah, Akoth," alisema. "Kwani tulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

 Mama alikuwa nje akiwaambia mafundi wasikanyage mboga zake. Feni ya kompyuta ilizunguka. Nilisikia Awino akivuta pumzi upande wa pili, akaikaza sauti yake, ikawa nzito, mbaya, ya mtu nisiyemjua.

"Hodi," alisema.

Nilifuta uso kwa mkono wenye vumbi.

"Nani?"